Nesi wa utafiti kuja nyumbani kipindi cha korona, nawapa nyota 4

Naandikia wale wenye ndugu mwenye ugonjwa adimu ambao wameulizwa kama wanataka kufuatwa nyumbani na timu ya utafiti, maana mimi kabla ya kukubali nilitafuta maoni ya watu sikupata hata moja.

Mdogo wangu ana Pompe. Mwili wake hautengenezi vya kutosha ile enzaimu ya kuvunja glikojeni, yani sukari ya akiba, basi inajazana kwenye misuli na misuli inalegea mpaka ile ya kupumulia. Dawa yake ni dripu kila wiki 2, masaa karibu 4 kila mara, na yeye alikuwa kwenye majaribio ya dawa mpya ya aina hiyohiyo. Machi 2020 kliniki ya utafiti ikafungwa tukaambiwa tusubiri. Alikosa dripu 2, na ngazi alizokuwa anapanda mwenyewe nikaanza kumshika mkono. Sasa mtu ambaye kupumua kwenyewe ni kazi unampelekaje wodini kipindi kile??

Ndo wakatuletea hii huduma. Nesi anakuja na boksi la baridi, barakoa na glavu, anapima joto na presha, anachanganya dawa taratibu bila kuitikisa maana ukiitikisa inaharibika, anaanza dripu polepole alafu anaongeza spidi kidogo kidogo huku anamwangalia kama kuna aleji, na ikiisha haondoki haraka. Dokta yuko kwenye simu ya video. Hapo sina neno kabisa, walikuja kila tarehe waliyosema na mdogo wangu alilala kitandani kwake. Mama alilia siku ya kwanza.

Nyota moja nimeikata kwenye vipimo. Kile cha kutembea dakika 6 kinataka korido ndefu iliyonyooka, nani anayo nyumbani? Kikarukwa. Kile cha kupuliza wakatuma kamashine kadogo bila mtu wa kutufundisha, video inakatakata, namba zinatoka tofauti na za kliniki, mwishoni wakasema za miezi ile hazitumiki. Iliniuma sana. Chanjo ya Pfizer ya korona ilijaribiwa kwa watu zaidi ya 40,000, lakini majaribio makubwa ya Pompe yanakuwa na watu kama 100 hivi, kwa hiyo namba za mtu mmoja zikipotea pengo linaonekana, na yeye alijitolea mwili wake kwa ajili ya wenzake.

Kliniki ilipofunguliwa tukaomba dripu ibaki nyumbani na vipimo vifanyike kliniki, wakakubali, na hivo ndo naona ingekuwa tangu mwanzo. Mkiulizwa kubalini, ila kabla ya kusaini fomu waambieni nesi awafundishe kupuliza kamashine mbele yake siku ya kwanza, na muombe namba ya simu ambayo inapokelewa hata usiku, sisi tulipewa na tuliitumia mara moja alipotoka vipele saa 5 usiku, dokta akapokea.