Mfupa wameurudisha, plasta wameiharibu

Mfupa wa kifundo cha mkono waliuvuta na kuurudisha vizuri, hilo sibishi. Kliniki yenyewe siitaji. Kilichonitibua ni plasta, na zaidi ya plasta, mdomo wa aliyeifunga.

Mkono umevunjika siku hiyohiyo, umevimba kama andazi, yeye anazungusha plasta nzima! Mvunjiko mbichi hufungwa plasta ya nusu: pamba kwanza, tabaka 8 hadi 10 za plasta upande mmoja, kisha bandeji. Uvimbe huzidi kwa siku 2 au 3, na plasta ikishaganda haitanuki, kwa hiyo kinachobanwa ni nyama. Ukiizungusha yote, basi ipasue kwa urefu palepale. Tena akaishusha hadi vidoleni, wakati inapaswa kuishia kwenye mkunjo wa kiganja ili ngumi ifungike.

Usiku maumivu yakapita yale ya kuvunjika. Kurudi, naambiwa: "Vumilia kaka, mfupa lazima uume. Mbona vidole vina rangi nzuri?" Rangi! Vidole vinaweza kuwa vyekundu kabisa huku misuli ya ndani inakosa damu. Kipimo ni kumnyoosha mgonjwa vidole taratibu. Akiruka kwa maumivu ya mkononi juu, unapasua kila kitu mpaka kwenye ngozi, pamba pia, maana pamba iliyolowa damu ikikauka nayo inabana. Misuli ikikaa kama saa 6 bila damu inaanza kufa, na mkono hubaki umejikunja kama mguu wa kuku.

Bahati kulikuwa na dada wa zamu. Hakubishana, akachukua msumeno. Anabonyeza, anainua, anasogea. Hakuuburuta hata mara moja, maana meno yake hutikisika tu, hayazunguki, lakini ukiuburuta unapata joto na kuunguza. Plasta ilipoachia, vidole vikapumua. Kwa ajili yake nilikuwa tayari kutoa nyota nne.

Halafu nikasoma kadi: rudi baada ya wiki 6. Wiki 6! Uvimbe ukishuka plasta inalegea, mfupa unahama humo ndani, na ukishika ukiwa umepinda, kuunyoosha ni kisu. Eksirei ni baada ya wiki moja, kisha ya pili. Nimeenda kupiga kwingine.

Nyota mbili, na zote ni za yule dada.