Bia ya Pipa Katika Baa ya Kijiji cha Kiingereza: Uagize Ipi, na Uulize Nini Kabla ya Kulipa

Mwezi uliopita nililipa pauni 10 na peni 80 kwa painti mbili za siki. Wifi yangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Moshi, na kwa kuwa siku zake zilikuwa chache nilimpeleka katika baa ya kijiji kimoja cha Sussex, ile aina ya baa inayopigwa picha kwa ajili ya kalenda: dari ya chini yenye boriti nyeusi, meko ya kuni, mbwa mzee amelala chini ya meza, na juu ya kaunta mipini sita ya kuvutia bia, kila mmoja na kibao chake chenye jina na picha. Nilichagua kwa uzuri wa kibao, tukakaa karibu na moto. Wifi alionja, akaiweka glasi chini taratibu kama mtu asiyetaka kumwaibisha mwenyeji wake, kisha akasema: “Wifi, hii ingekuwa mbege, mama angekuwa ameshawamwagia nguruwe.” Nilipoirudisha kaunta, kijana aliyetuhudumia alinieleza kwa upole kwamba bia ya jadi ndivyo ilivyo, na kwamba wageni huchukua muda kuizoea. Nimeishi katika nchi hii miaka 16.

Miongozo mingi ya bia za Kiingereza huanza na rangi, uchungu wa hopsi (maua yanayotiwa kwenye bia) na kiwango cha kilevi. Hayo nayaacha, kwa sababu mengi yameandikwa kwenye kibao cha mpini na yaliyobaki utaelezwa hata usipouliza. Kisichoandikwa popote ni siku ambayo pipa lilifunguliwa, na hilo ndilo linaloamua kama umenunua bia au umenunua siki. Bia hii ambayo Waingereza huiita eli halisi, jina lililoenezwa na chama cha wanywaji cha CAMRA kilichoanzishwa mwaka 1971, haiuawi kwa joto kabla ya kuuzwa wala haisukumwi kwa gesi. Huingia ndani ya pipa ikiwa na hamira iliyo hai, ikaendelea kuchachuka polepole katika stoo ya chini ya ardhi kwenye nyuzi 11 hadi 13 za Selsiasi, ubaridi ambao mtu aliyezoea bia ya friji huuita uvuguvugu. Ikishatulia, mwenye baa huacha hewa iingie kwa juu kadiri bia inavyovutwa, na kuanzia hapo siku zake zinahesabika. Siku ya kwanza na ya pili huwa katika ubora wake, ya tatu bado inanyweka, na baada ya hapo hewa huipoozesha huku bakteria wakigeuza kilevi kuwa asidi ileile tunayotia kwenye kachumbari. Aliyekulia chini ya Mlima Kilimanjaro hahitaji kufundishwa jambo hili, maana anajua kwamba mbege ya juzi hapewi mgeni.

Hapa niseme jambo moja ambalo wengi hulijua wakiwa wameshamaliza glasi. Kinachoivuta hamira ishuke chini ya pipa, bia ikabaki angavu, mara nyingi ni utelezi unaotengenezwa kwa mabondo ya samaki, mali ileile ambayo wachuuzi wa Mwanza huigombania kutoka tumboni mwa sangara. Asiyekula samaki aulize kwanza.

Sasa tufanye hesabu, kwa sababu ndiyo kipimo changu pekee. Pipa linalotumika sana katika baa za vijijini hubeba galoni 9, yaani painti 72 (painti ni zaidi kidogo ya nusu lita), ingawa za mwisho huachwa pamoja na mashapo. Ili liishe kwa siku tatu, mpini mmoja unapaswa kuuza zaidi ya painti 20 kila siku, na mipini sita inadai zaidi ya painti 120. Jumanne ile, saa mbili usiku, tulikuwa watu tisa katika baa nzima pamoja na sisi, na kati yao wawili walikunywa divai na mmoja chai. Ningehesabu vichwa kabla ya kuagiza, pesa yangu ingekuwa salama. Tangu siku hiyo mipini mingi katika kijiji kidogo hainivutii tena. Naiona kama duka la samaki lenye meza ndefu na wateja wawili. Baa yenye mipini miwili au mitatu, Ijumaa jioni au Jumapili wakati wa chakula cha mchana, ndipo pa kununulia. Ukikuta kibao kimegeuzwa uso nyuma, ujue kwamba pipa hilo limeisha au halijawa tayari, na umhesabu mwenye baa huyo kuwa mwaminifu. Jihadhari pia na painti ya kwanza ya siku, kwa sababu bia iliyolala usiku kucha ndani ya bomba inapaswa kuvutwa na kumwagwa, na wapo wanaoona uchungu kuimwaga.

Kwa kipimo hicho, na nakiri upendeleo wangu mbele ya kila mtu, namba moja ni Sussex Best ya Harvey's. Kiwanda chao kiko Lewes, kando ya mto Ouse, na kampuni yenyewe huhesabu mwanzo wake kuwa mwaka 1790. Kilevi chake ni asilimia 4 tu, na rangi yake ni ya chai ya rangi iliyokolea. Ukiileta puani unapata harufu ya mkate uliookwa ukaungua kidogo pembeni, kisha uchungu wa hopsi unakuja mwishoni na kukaa kooni muda mrefu kuliko ulivyotarajia. Hata hivyo siiweki juu kwa ladha peke yake. Naiweka juu kwa sababu katika vijiji vya Sussex wenyeji huiagiza bila kutazama vibao vingine, hivyo pipa lake huisha kabla ya mengine. Mwaka 2006 kampuni ya Greene King, iliyokuwa ikimiliki baa ya Lewes Arms mjini humo, iliiondoa Harvey's kwenye kaunta na kubakiza bia zake yenyewe. Wateja waligoma, wakasimama nje ya mlango kuwaomba wapita njia wasiingie, na baada ya siku 133 kampuni ilisalimu amri na kuirudisha. Bia inayopiganiwa namna hiyo haikai ndani ya pipa ikasubiri kuchacha.

Ya pili ni Landlord ya Timothy Taylor's, kutoka Keighley katika Yorkshire, yenye asilimia 4.3. Imetwaa taji la bia bora ya Uingereza linalotolewa na CAMRA mara nne, mwaka 1982, 1983, 1994 na 1999, na sioni sababu ya kubishana na waamuzi. Shida yake ni kwamba inataka subira. Inahitaji kupumzika stoo siku kadhaa kabla ya kufunguliwa, na mwenye baa mwenye haraka huiuza ikiwa bado mbichi, yenye ladha butu, halafu mteja anaondoka akiamini kwamba sifa zake ni maneno ya watu. Inunue pale tu unapoona wazee watatu wameketi nayo na hawazungumzi.

Ya tatu ni London Pride ya Fuller's, asilimia 4.1, inayopikwa Chiswick, magharibi mwa London. Kiwanda hicho kilinunuliwa na Asahi ya Japani mwaka 2019, na wapo walioapa kutoigusa tena. Mimi naendelea kuinunua katika vijiji vinavyozunguka London, kwa sababu huko inakwenda upesi. Nikiwa mbali na London siinunui.

Nafasi ya nne naipa bia ya kiwanda kidogo cha jirani, ile inayobadilishwa kila juma na yenye kibao kilichochorwa kwa mkono. Inaweza kuwa tamu kuliko zote nilizozitaja, lakini wenyeji wengi huionja mara moja tu kisha wakarudi kwenye bia yao ya siku zote, hivyo ifikapo siku ya nne pipa bado limejaa nusu. Iagize Ijumaa. Ikifika Jumatatu, muulize mwenye baa kama yeye mwenyewe angeinywa, kisha mtazame usoni anapojibu. Mwenye baa anayenunua bia ya namna hii katika pipa la nusu, la painti 36, anaijua kazi yake.

Bia nzito kama Old Peculier ya Theakston yenye asilimia 5.6, au ESB ya Fuller's yenye 5.5, nazipenda sana, lakini sizipangi katika orodha hii. Mtu aliyekuja na gari hazigusi, na anayezigusa huagiza nusu, kwa hiyo pipa lake ndilo linalozeeka kuliko yote pale kaunta. Old Peculier niliinywa Masham kwenyewe inakopikwa na sikuwa na neno. Kijijini kwangu siku za kiangazi sithubutu. Doom Bar ya Sharp's, na ile ya Greene King iitwayo IPA, ni za bei nafuu, zinapatikana kila mahali, na zikiwa safi zinakata kiu.

Kuhusu bei, nitajitahidi kuwa mwadilifu. Wenye baa wengi ni wapangaji wa kampuni kubwa, na mikataba yao huwalazimisha kununua bia kwa kampuni hizohizo kwa bei ya juu kuliko ya soko huria, kiasi kwamba bunge lililazimika kuweka kanuni za kuwalinda, zilizoanza kutumika mwaka 2016. Hilo nalielewa. Nisilolielewa ni kwa nini kumwaga painti sita za bia iliyochacha kunaonekana hasara, na kumpoteza mteja aliyekuja na mgeni kutoka Afrika hakuonekani hasara. Mwezi Agosti 2023 kodi ya bia inayouzwa kwa pipa iliwekwa chini kuliko ile ya chupa; katika baa ninazozijua bei haikushuka hata peni moja. Kuna pia suala la povu. Mwongozo wa chama cha wafanyabiashara wa bia unasema kwamba kimiminika kisipungue asilimia 95 ya painti, na mteja ana haki ya kuomba kujaziwa, lakini jaribu kuomba Jumamosi usiku uone macho utakayotazamwa.

Swali lenyewe ni fupi, na ninaliuliza kila mara kabla ya kutoa pochi: “Ipi imefunguliwa jana au leo?” Anayejua hukujibu papo hapo. Asiyejua humwita mwenzake aliye stoo, na hapo unapata jibu la kweli kwa sababu huyo wa chini hajui kwamba unasikiliza. Omba pia kuonja kidogo. Baa nyingi za bia ya pipa hukupa kikombe cha kuonjea bila malipo, na inayokataa, usinunue humo. Ladha ya siki, ya tufaha lililooza au ya boksi lililolowa maji si jadi ya mtu yeyote, na painti ya namna hiyo hurudishwa.

Siku mbili kabla ya wifi kusafiri tulikwenda baa nyingine, kijiji cha pili, yenye mipini miwili na kimoja cha vibao vyake kimegeuzwa nyuma. Niliuliza swali langu, nikajibiwa kwamba Harvey's ilifunguliwa saa tano asubuhi hiyo. Wifi alimaliza painti yake kabla yangu, akaomba nusu nyingine. Painti tulikuwa tumelipa pauni 4 na peni 80; nusu ikawa pauni 2 na peni 70. Nilimuuliza mama wa kaunta ni hesabu gani hiyo, akanijibu kwamba hata glasi ndogo huoshwa kwa maji yaleyale.