Kozi ya Kiitaliano B1 ya wiki nane hapa Bukavu, nilichokuta ndani

Tangu nimalize ile kozi watu wananiandikia karibu kila wiki, eti dada, ile kozi ya Kiitaliano ya chuo inafaa ao ni kutupa franga, na kila mara najibu nusu nusu juu niko kazini. Leo niko mapumziko, basi naandika yote mara moja. Jina la chuo sitaweka, kuko mambo nitakayosema ambayo si mazuri na sitaki kuharibia mutu kazi.

Mimi ni muuguzi, nakaa Panzi. Kiitaliano nilianzia kwa mapadri. Bukavu tuko na Wasaveriani tangu zamani, shirika lao lilizaliwa Parma mwaka 1895, na kwetu kulikuwa padri mmoja mzee alikuwa anafundisha vijana jioni bila kulipisha, kwake nilipata A1 na A2, ngazi mbili za kwanza, taratibu bila kuumia. Lengo langu ni kwenda kusoma infermieristica, yaani uuguzi, Italia, ile ya miaka 3. Kwa masomo yanayotolewa kwa Kiitaliano vyuo vya kule kwa kawaida vinataka mgeni awe na B2, na mtihani wa kuingia infermieristica unaufanya kwa Kiitaliano hicho hicho pamoja na Waitaliano wenyewe. Ngazi za lugha ziko sita, A1 mpaka C2, kwa hiyo mbele yangu kulikuwa B1 halafu B2, na hapo katikati njo watu wengi wanaachia.

Kozi ilikuwa wiki nane, siku tano kwa wiki, saa mbili asubuhi mpaka saa sita. Nililipa dola 160 kwa awamu mbili, na dola 10 ya silabusi kando. Kutoka Panzi mpaka mjini asubuhi ni moto na msongamano wa Essence na Major Vangu, wanaokaa mbali wahesabu hiyo pesa pia, mwisho wa mwezi inakuwa nyingi kuliko mutu anavyofikiri.

Test ya kuingia njo kitu cha kwanza sikubali. Karatasi moja, maswali 40 ya kuchagua jibu, hakuna kusema hata neno moja. Sisi wote tuliosoma kwa Kifaransa tunaweza kubahatisha karatasi kama hiyo na tukapita, "finire", "importante", "possibile", unasoma tu unaelewa. Tulijikuta watu 27 kwa darasa waliloahidi halitapita 15. Kulikuwa kaka mmoja, kwa karatasi alinishinda alama, lakini siku ya kwanza mwalimu alipomuuliza "Da quanto tempo studi l'italiano?" alinyamaza akaangalia kaye yake. Iliniuma sana. Hakuwa mvivu yule kaka, walimuweka pahali si pake, na wiki ya kwanza yote ikaenda katika kusubiri watu kama yeye, wao wanapata haya na sisi wengine hatusongi. Wiki ya tatu hakurudi tena, na pesa hawakumrudishia.

Mwalimu mwenyewe sina cha kumlaumu hata kidogo. Ni Mkongomani, aliishi Italia miaka mingi, anafika mbele ya wanafunzi, kila kazi ya nyumbani anasahihisha na biki nyekundu mpaka mwisho. Ile kitu nilibaki nayo kwa kichwa mpaka leo ni yeye aliionyesha, na nataka niieleze vizuri.

Mpaka A2 Kifaransa kinakubeba mgongoni. Ukifika B1 kinakushusha chini na hakikuambii. Ukitaka kusema nilikuwa, umezoea j'ai été, kinywa kinatoa "ho stato". Kosa. Ni "sono stata", na ile a ya mwisho ni juu mimi mwanamke, mwanaume atasema "sono stato". Bei pia, Kifaransa ça a coûté, Kiitaliano "è costato". Halafu ile "kama ningekuwa na pesa", kwa Kifaransa si j'avais, basi darasa zima tulikuwa tunasema "se avevo i soldi", na mwalimu anaandika na chaki ubaoni "se avessi i soldi, comprerei una casa", anapiga mstari chini ya avessi mara mbili. Kule Italia barabarani watu wanasema avevo pia, alituambia, ila kwa mtihani wanakukata alama. Na hata ukisema tu "nafikiri ni mgonjwa", Kifaransa kinaacha est, je pense qu'il est malade, Kiitaliano kinataka "penso che sia malato". Hiyo njo congiuntivo, umbo la kitenzi la kutaka, kudhani ao kuwaza, ilikula wiki mbili nzima za kozi, na kuko watu walinung'unika eti ni nyingi. Mimi nasema hata wiki tatu wangeweka.

Sababu ni hii. Kila Jumatano kulikuwa Sista mmoja Mwitaliano, mzee, zamani alikuwa muuguzi kama mimi, anakuja kwa masaa mawili ya kuzungumza tu, bila kitabu. Jumatano ya nne alisogeza benchi mbili pamoja, akasimama kando yake, akasema leo mimi ni mgonjwa, nani muuguzi? Wote wakaniangalia. Nikamuambia "Sali sul lettino", nikitaka kusema panda kitandani. Hakusogea. Nikarudilia kwa nguvu kidogo nikidhani masikio. Akaniambia kwa Kiswahili chake kizuri, "Mwanangu, mimi nina miaka 79, unaniamuru kama mtoto?" Nilisikia joto mpaka kwa masikio. Kwa mutu mzima, mgeni, mgonjwa, unatumia Lei, ile "wewe" ya heshima, na amri ya Lei inachukua umbo la congiuntivo: "salga", "guardi qui", "stia fermo", "respiri". Kwa hiyo bila congiuntivo siwezi kumuambia mgonjwa apande kitanda bila kumkosea heshima!

Na mwalimu, aliyekuwa amekaa nyuma, akauliza darasa, nyumbani mama mkwe akiingia munamuambia "Kaa!"? Wote tukasema hapana, tunasema "Mama, ukae". Akasema basi, hiyo e ya mwisho munayo tangu utoto. Nataka aje, "voglio che venga". Nataka uende, "voglio che tu vada". Mulikuwa munaitafuta kwa Kifaransa wakati iko kwa Kiswahili. Haifanani pahali pote, kama ile "penso che sia" sisi hatubadilishi kitu, lakini tangu siku ile nikawa nasikia congiuntivo kwa sikio badala ya kuihesabu kwa jedwali, na hiyo peke yake kwangu ina bei ya kozi nzima. Kuanzia hapo nikaanza kutafuta zingine mwenyewe. "C'è acqua?" ni "kuko maji?" kabisa kabisa. "Ce l'ho", ile inasumbua kila mutu, ni "niko nacho". Na kitenzi kubeba mwenye kutenda ndani yake, "mangio", "ninakula", hakuna haja ya kuweka mimi mbele kama Wafaransa na je yao.

Maneno ya kudanganya ya Kifaransa pia yako mengi, na yale ya hospitali yalinitisha. "Salire" ni kupanda, masikio ya Kifaransa yanasikia kuchafua. "Guardare" ni kuangalia, wala si kutunza. "Fermo" ni bila kutikisika, wala si kufunga. "Firma" ni sahihi unayoweka kwa karatasi, si kampuni. Waza daktari anamuambia mgonjwa yote hayo kwa dakika moja na wewe muuguzi unatafsiri kupitia Kifaransa, utamuambia mgonjwa kitu gani?

Matamshi, sisi watu wa Kiswahili tuko na bahati kubwa, vokali ni zetu, kila neno karibu linaishia na vokali, Sista alikuwa anatusifu. Lakini kuko mitego miwili. Wa kwanza, herufi mbili mbili. "Sete" ni kiu, "sette" ni saba. "Nono" ni wa tisa, "nonno" ni babu. Jirani yangu alisema "mio nono è malato" na Sista akauliza wa tisa wa nani. Mwalimu alitufanya tupige meza kwa neno "penna", kalamu: pen, tunashikilia, mkono unashuka, na. Tulipiga meza asubuhi nzima mpaka darasa la kando wakaja kuona, lakini ilishika. Mtego wa pili ni mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno mengi ya Kiitaliano ni hivyo hivyo, basi tunakaza yote hivyo. Lakini ni MEdico, STOmaco, FEgato, TeLEfono, na "wanakaa" ni Abitano. Mimi na miaka yangu ya kujifunza nilikuwa nasema fegato kama jina la kijiji chetu, na padri wetu hakuwahi kunisahihisha, labda kwa upole.

Sasa kusikiliza, hapo njo kozi ilianguka. Silabusi ilikuwa fotokopi ya nyeusi na nyeupe, picha hazionekani, na sauti za kitabu zilikuwa kwa telefone ya mwalimu peke yake, anaunganisha na kaboksi kadogo ka Bluetooth. Kurante ikikatika na kaboksi kakiisha moto, imeisha. Mvua ikinyesha, na munajua mvua ya Bukavu kwa mabati, hata mutu akisema kando ya sikio lako husikii. Kuko siku tulikaa karibu saa nzima tunaangaliana tu tukisubiri mvua ipite ili tusikilize mazungumzo ya dakika mbili ya watu wanaonunua tiketi ya treni. Niliandika kila siku kwa kaye masaa tuliyofundishwa kweli. Waliahidi 160. Tulipata 131. Zile 29 hazikulipwa kwa njia yoyote, tuliuliza mara mbili, tukaambiwa tutaona.

Nilichofanya kuziba hilo shimo, na hii ni bure: kila Jumapili saa sita ya mchana ya Roma Papa anasali Angelus na kusema maneno machache kwa Kiitaliano, taratibu, na maandishi yake yanawekwa kwa tovuti ya Vatikani. Wakati Italia iko kwa saa za kiangazi, saa sita yao ni saa sita yetu hapa, na wakati mwingine wa mwaka ni saa saba yetu. Nashusha sauti usiku wakati koneksio ni nzuri, nasikiliza mara tatu bila kuangalia, halafu ya nne na maandishi mbele. Hauna lazima ya kuwa Mkatoliki, ni masikio tu unayafundisha.

Kitu kingine munaniuliza, sertifika. Tafadhali sana muelewe mbele ya kulipa. Ile ya kozi hii ni karatasi ya kusema ulihudhuria na ulipata alama ngapi kwa mtihani wao wa ndani. Vyeti vinavyojulikana ni kama CELI ya Chuo cha Wageni cha Perugia, CILS ya kile cha Siena, na PLIDA ya Società Dante Alighieri. CELI 2 ni B1, CELI 3 ni B2. Kwa CILS, Uno ni B1 na Due ni B2. Sekretaria walipotuandikisha walisema "cheti cha kimataifa", na wenzangu wawili walilipa kwa ajili ya neno hilo. Si kweli, na mutu aliyeuza ng'ombe ya familia ili mtoto asome hafai kuambiwa hivyo. Ukienda kuandikisha, uliza jina la mtihani, uliza nani anautoa.

Nikipima yote, mwalimu na Sista nawapa 10 kwa 10 bila kufikiri mara mbili. Utaratibu wa chuo 4. Kwa mutu ambaye A2 yake ni ya kweli, anaweza kusimama na kueleza siku yake ya jana bila kusoma, kozi itamsogeza sana, mimi niliingia nikisema sentensi fupi fupi na nikatoka nimeeleza kwa Sista dakika kumi namna tunavyopima mtoto mwenye utapiamlo, na alinisahihisha mara nne tu. Kwa mutu ambaye anategemea Kifaransa chake peke yake, aende kwanza kwa A2, dola 160 ni nyingi.

Wanasema B2 itafunguliwa. Nitarudi, lakini nimeandika barua kwa sekretaria nikiomba vitu vitatu: test ya kuingia iwe na kusema hata dakika tano kwa kila mutu, sauti za kitabu tupewe wote kwa telefone siku ya kwanza, na Sista apewe siku mbili kwa wiki kama nguvu zake zinaruhusu. Wenzangu 11 wameweka sahihi. Barua niliipeleka mwenyewe Jumatatu, walipiga muhuri kwa kopi yangu, na wakijibu nitawaambia.