Wikipedia darasani bila bando: ununue kipi kwanza?

Maudhui yenyewe ni bure. Wikipedia ya Kiswahili na ya Kiingereza, Wikamusi, hata majaribio ya sayansi ya PhET, yote yanapakuliwa kama mafaili ya ZIM, na programu ya Kiwix huyafungua bila intaneti. Pesa ya shule inanunua mahali pa kuyaweka na kioo cha kuyasomea. Kwa darasa la watoto 60 na umeme wa kukatika, ninavipanga hivi.

1. Laptopu ya mtumba na rauta ya bei ndogo

Sijaona kinachoizidi. Leo unaiunganisha na projekta darasa zima linaona. Kesho unawasha seva iliyomo ndani ya Kiwix, unaichomeka laptopu kwenye rauta, na kompyuta za maabara zinaifungua Wikipedia kwa kuandika anwani tu kwenye kivinjari. Rauta hiyo haihitaji laini wala bando. Hotspoti ya Windows usiitegemee, mwisho wake ni vifaa 8.

Tafuta yenye diski ya SSD ya GB 256, maana Wikipedia ya Kiingereza yenye picha inazidi GB 100. Isiyo na picha ni kama nusu ya hapo. Kisha betri: mwambie muuzaji achomoe chaja, ukae nayo palepale dukani nusu saa ukiitumia. Mitumba mingi betri zimekufa, na betri nzima ndiyo iliyonifanya niitangulize laptopu mbele ya Raspberry Pi, kile kikompyuta kidogo cha namba tatu. Umeme ukikatika kipindi kinaendelea, walau kwa wale wanaosoma kwenye kioo chake.

2. Memori kadi ya kishikwambi

Hapa Tanzania walimu waligawiwa vishikwambi vya sensa ya 2022, kwa hiyo wengi kioo tunacho tayari. GB 64 za kweli zinatosha Wikipedia ya Kiswahili, ile ya Kiingereza rahisi, na Wikamusi, na nafasi inabaki.

Nasema za kweli kwa sababu niliwahi kununua kadi iliyoandikwa GB 128 kwa bei ya kutupa. Nikanakili Wikipedia ya Kiingereza usiku kucha, asubuhi nikaifungua mbele ya kidato cha pili. Binti mmoja akaandika "Heart", ukurasa ukaja. Akaandika "Kidney", ukagoma. "Liver", ukagoma. Akanitazama akidhani amekosea yeye. Jioni nilipoipima kwa H2testw, programu ya kupima ukubwa halisi wa kadi, nikakuta GB 15 tu. Kadi ya namna hii inapokea kila unachoiwekea bila kulalamika, kisha inapoteza. Ipime siku hiyohiyo ungali na risiti.

Jambo jingine: kadi iliyofomatiwa FAT32 haikubali faili linalozidi GB 4. Ifomati exFAT, baada ya kuhakikisha kishikwambi chako kinaisoma.

Udhaifu wake unaonekana wazi: kioo kimoja hakitoshi watoto 60. Ni nzuri kwa mwalimu kuandaa somo na kwa makundi madogo.

3. Raspberry Pi yenye Kiwix Hotspot

Hiki ni kikompyuta kinachorusha Wi-Fi yake chenyewe ili vifaa vingine vifungue Kiwix. Kidogo, hakina kelele, na Pi 4 hutosheka na chaja ya volti 5 na ampia 3, hata sola ndogo inaweza kukimudu. Lakini antena yake huelemewa vifaa vikifika kama 20, kwa hiyo rauta utainunua tu. Kuzimika ghafla kunaweza kuharibu kadi yake. Na kama shule haina vioo vya kuunganisha, utakuwa na maktaba isiyo na msomaji. Kinunuliwe na shule yenye maabara na mtu anayejua kuandaa kadi upya.

4. Boksi lililokwisha kuandaliwa

Hili ni seva ndogo inayouzwa ikiwa na maudhui ndani tayari; RACHEL ya shirika la World Possible ndiyo inayojulikana zaidi. Inafaa mradi wa shule nyingi kwa mkupuo. Shule moja italemewa na usafirishaji na matengenezo, ilhali Kolibri, programu yenye masomo na mazoezi, inawekwa bure kwenye laptopu ileile ya namba moja.

Kuhusu faili la kupakua: shule ya msingi ianze na Kiswahili, ila mwalimu apitie kurasa kabla ya kipindi, kwani makala nyingi bado ni mbegu za sentensi mbili tatu. Sekondari, wanaoingia kidato cha kwanza wapewe Kiingereza rahisi kwanza. Jina la faili huonyesha mwaka na mwezi. Likizo ndefu ndiyo nafasi ya kuleta jipya.

Na wafundisheni watoto kutafuta kwa jina la kitu. Wengi huandika "kwa nini bahari ina chumvi" na kupata orodha isiyoeleweka. Waandike "Bahari", kisha wasome kushuka chini.