Kutoa maoni ya bajeti ya jiji: nimejaribu misimu miwili, nasimulia

Nyota tatu kati ya tano. Nazitaja mapema kwa sababu najua wapo watakaosoma mstari huu tu kisha warudi kwenye shughuli zao.

Mimi ni fundi baiskeli, Ngamiani hapa Tanga, na anayeujua mji huu anajua fundi baiskeli hakosi wateja wala maneno. Benchi langu ndilo bunge. Mitaro imeziba, taa hazipo, vyoo vya shule vinanuka, ushuru unaenda wapi: yote huzungumzwa hapo huku naziba pancha. Mwaka juzi mteja mmoja, kijana mkimya siku zote, akaniuliza, "Mzee, haya umeyasema kwenye mkutano wa mtaa?" Sikuwa nimeyasema. Mkutano wa mtaa nilikuwa sijaukanyaga tangu nina nywele nyeusi.

Nikaenda. Tangazo lilipita jana yake, kijana kwenye bajaji na kipaza sauti, unalipata neno moja yanakupita mawili. Saa kumi alasiri, alisema. Tulianza inakaribia kumi na moja na nusu, baada ya kuhesabiana kama akidi imetimia. Nyota moja ilidondokea hapo. (Mtaa wangu siutaji. Naulizana habari za watoto na mwenyekiti kila siku, sitaki kuharibu ujirani.)

Kwa asiyejua: mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na Bunge huanza kukaa kwa bajeti mwezi wa Aprili, kwa hiyo miradi ya mitaani lazima iibuliwe miezi mingi kabla. Ukija na maoni yako Mei umekuta sufuria zimeshaoshwa. Kutoka mtaani vipaumbele hupanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ndiye mwenyekiti, vikaenda kwa wataalamu wa halmashauri, kamati za madiwani, Baraza lenyewe, mkoa, TAMISEMI (ofisi ya Rais inayosimamia mikoa na serikali za mitaa), mpaka Dodoma. Utaratibu wa kuibua miradi hiyo una jina zuri: Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Sisi siku ile tulianza na vikwazo tukamaliza na vikwazo.

Na kinara nilikuwa mimi. Nilisimama nikaomba lami kwa sauti ya mtu anayedai chake, nikapigiwa makofi. Mtendaji wa mtaa akaandika. Akaandika na la maji, na la nguzo ya umeme iliyoinama, na la bajaji zinazoegeshwa mbele ya msikiti. Orodha ikavuka ukurasa. Hakuna aliyeuliza bei ya chochote, wala hakuna aliyetuambia zipo shilingi ngapi. Tukapiga dua, tukatawanyika.

Miezi ikapita, kimya. Nikafunga kibanda asubuhi moja nikaenda ofisini kuuliza lami yangu. Mtendaji, binti wa umri wa mwanangu wa pili, akaniamkia, akanivutia kiti, akasema kwa upole, "Baba, barabara za mitaani ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Maji yana mamlaka yake. Umeme ni TANESCO. Sisi tunaweza kuandika barua, lakini kwenye bajeti ya halmashauri hutaiona lami hiyo."

Kumbe muda wote ule natembea kifua mbele kwa makofi ya kuomba kitu kwenye dirisha ambalo si lake! Nikamuuliza mbona hakusema palepale mkutanoni. Akacheka. "Ningekukatiza vipi baba mbele ya watu?" Heshima yetu ya pwani nayo ina gharama zake.

Nusu saa ile ofisini ndiyo sehemu bora ya huduma yote, na ndiyo ambayo hakuna bajaji inayoitangaza. Alinieleza fedha za ndani za halmashauri zinatoka wapi: ushuru wa masoko, leseni za biashara, ushuru wa huduma ambao kampuni hulipa kutokana na mauzo, na vingine vidogo vidogo. Akanieleza ile asilimia 10 inayowekwa kando kwa mikopo isiyo na riba, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Nikajidai kwamba na kodi ya jengo nakatwa kila mara ninaponunua umeme wa LUKU, tangu 2021. Akanijibu kuwa hiyo ina njia yake, nisiihesabu kwenye droo yake. Nikanyamaza.

Kisha akanitajia neno nililokuwa sijawahi kulisikia kwenye mkutano: ukomo wa bajeti. Halmashauri hupewa kiwango cha kupangia, haitakiwi kukivuka. "Mkileta mambo ishirini, kata itachagua moja," alisema. "Mkileta mawili, kata itachagua moja. Sasa si bora mchague wenyewe?"

Hilo lilinikaa. Sisi tulikuwa tunaomba, na anayeomba huomba vyote. Kuchagua kunauma zaidi, kwa sababu lazima umwambie jirani kwamba lake litangoja.

Msimu wa pili nilikwenda na jambo moja. Vyoo vya shule ya msingi ya mtaani kwetu. Nilikaa kwanza na watu wa kamati ya shule, tukachukua kipimo cha serikali chenyewe, tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, tukahesabu. Wasichana walikuwa 300 na ushei, matundu sita. Yalitakiwa yasipungue 15. Tukaandika kwenye karatasi moja, maandishi makubwa, mwenyekiti asipate tabu ya miwani.

Karatasi ilisomwa, watu wakaguna kidogo. Halafu mama mmoja muuza vitumbua akasimama, akasema binti yake hanywi chai asubuhi, hata maji, asije akashikwa na haja akiwa shuleni. Akakaa. Uwanja wote ukatulia. Tarakimu zetu na maneno yake vilikwenda pamoja kama chai na kitumbua. Sidhani kama kimoja peke yake kingefika kata.

Wazee wa kijiwe cha kahawa walitaka kuturudisha kwenye lami. Ikabidi nisimame mimi, mwenye lami wa mwaka uliopita, niwaelekeze dirisha la TARURA. Safari hii sikupigiwa makofi. Tulikubaliana pia kuchimba shimo na kusogeza mawe na mchanga kwa nguvu zetu, maana mtendaji alitudokeza kuwa mradi ulioanza kwa nguvu za wananchi hauachwi kirahisi.

Bajeti ilipofika Baraza la Madiwani nikavaa kanzu, nikapanda baiskeli, nikaenda kusikiliza. Wengi hawajui, vikao vile ni vya wazi, unakaa viti vya nyuma na kunyamaza. Pazuri, Mstahiki Meya na joho lake, mambo kwa itifaki. Ila madiwani wana makabrasha mezani na sisi wa nyuma mikono mitupu, na vifungu husomwa kwa namba. Mabilioni yakapita masikioni mwangu, nikakumbuka usemi wetu wa Tanga, waja leo waondoka leo. Wakati wa chai diwani mmoja aliniita akanifunulia ukurasa. Mstari upo: ujenzi wa matundu ya vyoo, na jina la shule yetu. Matundu matano. Tuliomba tisa.

Nilirudi nyumbani napiga kengele ya baiskeli bila sababu.

Sasa lawama zangu. Mrejesho haupo. Tulipunguziwa kutoka tisa hadi matano, huenda kwa sababu nzuri kabisa, lakini hakuna aliyerudi mkutanoni kutueleza. Kama nisingekwenda mwenyewe ningedhani tumepata yote au tumekosa yote. Ubao wa matangazo, ambapo mapato na matumizi yanatakiwa kubandikwa, mara ya mwisho niliusoma ulikuwa na karatasi iliyopauka na tangazo la mbuzi aliyepotea. Na tangazo la mkutano siku moja kabla ni dogo mno kwa mtu anayeishi kwa kibarua cha kutwa. Wavuvi walikuwa baharini, mama ntilie jikoni.

Ukitaka kujaribu, anza Oktoba au Novemba, usingoje bajaji. Nenda ofisini asubuhi, umwamkie mtendaji au umwitikie, uulize ukomo na uulize lako ni la dirisha gani. Beba jambo moja lenye hesabu. Na mtafute mama wa vitumbua wa mtaani kwenu.

Matundu matano yamesimama, yana kuta na bati. Milango bado, nimeambiwa inasubiri makusanyo ya ndani ya robo ijayo. Nyota ya nne nimeiweka mfukoni mpaka niione hiyo milango.