Maikrowevu ya lita 20 kwenye jiko la Mji Mkongwe: hewa yake na taa yake ya ndani (uzoefu wangu)

Ninayoieleza hapa ni maikrowevu ya kawaida kabisa: lita 20, swichi mbili za kuzungusha, moja ya nguvu na moja ya dakika, sahani ya kioo, rangi nyeupe ndani na nje. Kibandiko cha nyuma kinasema inakula wati 1150 na inatoa wati 700. Inatumika kila siku mwaka wa pili sasa, jikoni Mji Mkongwe. Sitapoteza maneno kueleza inavyopasha wali, kwa sababu mashine zote za wati 700 zikiwa nzima hupasha wali kwa namna moja. Zinapoachana ni kwenye mambo mawili ambayo madukani Darajani na Mlandege ni nadra kumsikia mtu akiyauliza: inapumua vipi, na taa yake inakuonyesha nini. Kwa hewa yetu ya chumvi, mimi ndiyo ninayoyatazama mwanzo.

Anza na hesabu ya kibandiko. Zinaingia wati 1150, chakula kinapata 700. Hizo 450 zilizobaki zinageuka joto ndani ya mashine. Sehemu kubwa iko kwenye magnetroni, yaani kile kifaa kinachotoa mawimbi ya kupashia chakula, nyengine kwenye transfoma, kidogo kwenye feni, mota ya sahani na taa. Joto hilo linatolewa na feni moja tu iliyopo nyuma. Inavuta hewa ya jikoni kwa matundu ya nyuma, inaipitisha juu ya transfoma, kisha katikati ya mapezi ya magnetroni, yaani vijibati vyake vya kupozea, halafu hewa hiyo hiyo inaingizwa kwenye chumba cha chakula kwa matundu madogo ya ukuta wa kulia. Ndani inachukua mvuke wa chakula na kutoka nao upande wa kushoto juu, mpaka nje kwa nyuma. Yaani hewa moja ina kazi mbili: inapoza mitambo, kisha inakausha chumba. Ndiyo maana njia ikiziba utaona maradhi mawili kwa pamoja, mashine inachemka na ukuta wa ndani unatiririka maji.

Kuna wanaoogopa matundu hayo wakidhani mawimbi yatatoka. Hayatoki. Mawimbi yake ni ya megahezi 2450, na urefu wa wimbi moja ni kama sm 12, kwa hiyo tundu la milimita chache kwenye bati ni ukuta mbele yake. Mwanga na hewa vinapita, wimbi linabaki ndani. Usizibe tundu lolote kwa gundi wala kwa karatasi ya alumini.

Sasa suala la pahala pa kuiweka, na hapa ndipo nyumba zetu za mawe zinapotupoteza. Kuta ni nene, zina madaka, na daka la jikoni linaonekana kama limechongwa kwa ajili yake: upana unatosha, kina kinatosha, meza inabaki wazi. Usiiweke humo. Mashine hii inavuta hewa kwa nyuma na inatoa hewa kwa nyuma pia, sm chache tu kati ya njia moja na nyengine. Ndani ya daka, hewa ya moto yenye mvuke haina pa kwenda, inazunguka na kuvutwa tena. Kijitabu cha mashine yangu kinataka sm 20 wazi juu, 10 nyuma na 5 kila ubavu. Vipo vinavyotaka sm 30 juu. Fuata chako, na usipunguze kwa kuona kwamba "bado inafanya kazi".

Kupima ni rahisi. Tia kikombe cha maji ndani, usiiwashe tupu, maana mawimbi yasipokuta cha kupasha yanairudia magnetroni. Iweke nguvu ya juu, dakika 3. Chukua kipande cha tishu ukubwa wa kiganja, kisogeze kwenye matundu ya kuvutia: kinatakiwa kinate. Kisogeze kwenye matundu ya kutolea: kinatakiwa kipepee. Wengi huishia hapo, lakini kwenye daka kipimo hiki kinafaulu vizuri tu na mashine inaungua. Kipimo cha pili ndicho chenye maana: ikishafika dakika ya tatu, weka mkono penye matundu ya kuvutia. Hewa inayoingia iwe na ubaridi ule ule wa jikoni. Ukihisi vuguvugu, mashine inavuta pumzi zake yenyewe. Yangu nikiisukuma nyuma ikabaki sm 3 tu na ukuta, vuguvugu linakuja kabla ya dakika mbili. Nikiirudisha mbele sm 10, halipo.

Na vile vitambaa vya kufuma tunavyovitandika juu ya kila chombo cha umeme, hapa vitolewe. Kama mashine ina matundu juu au ubavuni, kitambaa kinaziba. Hata kama hayapo, bati la juu linapoza pia, na juu ya kitambaa huja sinia, juu ya sinia likaja pakacha la vitunguu.

Ikizidi joto, kinga ya joto iliyopo karibu na magnetroni inakata umeme. Dalili zinatofautiana: mashine nyengine huzima kila kitu, nyengine taa inawaka na sahani inazunguka kama kawaida ila chakula kinabaki baridi. Hii yangu ni ya namna ya pili, na watu wengi wakiona hivyo hudhani magnetroni imekufa. Wakati wa Ramadhani ndipo inapotokea zaidi, magharibi, bakuli la futari likitoka jengine linaingia, nusu saa nzima bila kupumzika. Zima, iache dakika 30 mlango ukiwa wazi, ijaribu tena. Ikirudi kupasha, sio magnetroni, ni hewa: angalia nafasi ya nyuma na vumbi kwenye matundu. Ikiwa inakata hata kwa dakika 5 na nafasi ipo, basi feni imelegea au mhimili wake umekauka mafuta. Feni hizi ni za mota ndogo isiyo na nguvu, na vumbi likichanganyika na moshi wa mafuta ya nazi hugeuka ulimbo. Utaisikia: badala ya mvumo wa upepo, kinabaki kigurumo cha transfoma peke yake.

Baada ya kupika ndipo udhaifu wa mashine hii unapoonekana. Kengele ikilia, feni inasimama papo hapo. Zipo za vitufe ambazo feni inaendelea dakika moja au zaidi kutoa mvuke, hii haina. Mvuke wote wa mchuzi wa pweza unabaki ndani, unaganda kwenye kioo cha mlango, unachuruzika mpaka kwenye ukingo wa chini wa mbele, pale mlango unapogusa bati. Hapo ndipo kutu inapoanza. Wakati wa masika, nguo zenyewe hazikauki, na ukingo huo hautakauka wenyewe. Ninachofanya: kitambaa kikavu kwenye ukingo wa chini na dari ya ndani kila baada ya chakula chenye mvuke, kisha mlango wazi dakika 10. Lakini mlango ukiwa wazi taa inawaka, na hakuna haja ya kuichosha, kwa hiyo nazima kwanza swichi ya ukutani. Kutu ya juu juu inasuguliwa na kupakwa rangi maalumu ya ndani ya maikrowevu. Kutu iliyotoboa bati, au mlango uliopinda usiofunga sawasawa, mashine hiyo haitumiki tena.

Kuhusu taa. Ni globu ya waya, wati 25, ya volti 230, na haipo ndani ya chumba cha chakula. Iko nyuma ya ukuta wa kulia, inamulika kupitia matundu yale yale ya bati, na inapozwa na upepo ule ule wa feni. Kwa hiyo feni ikichoka, na taa inakufa mapema. Mashine iliyounguza globu mbili kwa mwaka nisingeitafutia globu ya tatu kabla ya kuisikiliza feni.

Pahala ilipowekwa taa hii ni pazuri kwa upande mmoja na pabaya kwa mwengine. Inamulika kutoka kulia, usawa wa juu kidogo ya sahani. Kikombe cha maziwa unakiona vizuri povu linapopanda, na hiyo ndiyo kazi kubwa ya taa ya maikrowevu, kukuwahisha kusimamisha kabla ya kumwagika. Bakuli lenye ukingo mrefu linatia kivuli nusu yake, unasubiri sahani izunguke uone upande wa pili. Taa ya juu ingemulika ndani ya bakuli, ila mvuke na mafuta hupanda huko kwanza na matundu yake huziba haraka. Kwa mapishi yetu ya tui nachagua ya ubavuni.

Halafu kuna mlango. Kile kiwavu cheusi kwenye kioo ndicho kinachozuia mawimbi, na unaona ndani pale tu ambapo ndani kuna mwanga kuliko nje. Kwenye jiko la ndani la Mji Mkongwe, lenye dirisha dogo, wati 25 zinatosha na zaidi. Kwenye jiko la Fumba lenye dirisha kubwa na jua la mchana, utaona uso wako kwenye kioo badala ya chakula. Iweke mgongo au ubavu wake uelekee dirisha, isilitazame. Rangi ya ndani nayo inasaidia: nyeupe inarudisha mwanga, ya kijivu iliyoiva inaumeza. Na kabla ya kulaumu globu, futa yale matundu ya kulia kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kilichokamuliwa sana. Mara nyingi taa "iliyofifia" ni tui lililokauka tu.

Taa hii pia ni kipimo cha bure. Weka nguvu ya kati, tia kikombe cha maji, itazame. Magnetroni kwa nguvu ya kati huwaka na kuzima kwa zamu, na kila ikiwaka mashine inavuta takriban ampea 5, hapo taa inapepesa kidogo na mgurumo unazidi. Isipopepesa wala mgurumo usibadilike, hakuna kupasha. Ikififia sana mpaka kuwa ya manjano, kuna waya mwembamba wa kurefushia, soketi iliyolegea, au umeme wenyewe ni mdogo, kama inavyokuwa shamba saa za jioni. Umeme ukiwa mdogo feni nayo inapungua mwendo, na chakula kinachukua muda mrefu zaidi. Subiri urudi.

Kubadilisha globu ndilo lalamiko langu kubwa. Zipo mashine zenye kijidirisha nyuma au ubavuni, skrubu moja, globu unaitoa mwenyewe kwa dakika 5 plagi ikiwa imechomolewa. Hii haina. Lazima gamba lote la nje livuliwe, na chini ya gamba hilo kuna kapasita, kifaa cha kuweka chaji, ya volti 2100 inayoweza kubaki na umeme hata plagi ikiwa imechomolewa. Inaua. Kwa hiyo globu ya bei ya karanga inakuwa kazi ya fundi, na awe fundi anayejua kuitoa chaji kapasita kabla mkono wake haujaingia. Akisha kufungua, mwambie asafishe mapezi ya magnetroni kwa brashi kavu, atie tone la mafuta mepesi kwenye mhimili wa feni, na aangalie kama mijusi haijataga humo. Mjusi akikauka juu ya bodi, bodi imekwenda.

Kwa mijusi na mende, wengine hubandika chandarua cha mbu kwenye matundu ya nyuma. Chandarua ni chembamba mno, mwezi mmoja kimejaa vumbi la mafuta na pumzi imekatika. Wavu wa plastiki wa matundu ya mm 5, uliosimamishwa sm 2 mbali na bati, unatosha kumzuia mjusi mkubwa na hewa inapita. Uoshe kila mwezi.

Anayenunua leo, iwe mpya au mtumba wa Dubai, aiwashe pale pale dukani na kikombe cha maji, afanye kile kipimo cha tishu, afungue mlango aone kama taa inawaka, na atafute kijidirisha cha globu. Akikikuta, achukue na globu ya akiba siku hiyo hiyo. Wati zikilingana peke yake haitoshi: vipo vitako vya skrubu ndogo na vipo vya vijibati viwili, na globu ndefu kwa sm moja tu inagusa bati la njia ya hewa. Peleka ile iliyoungua, ziwekwe pamoja mezani, zipimwe urefu.