Gitaa la stili la shingo mbili lililo jepesi: kabla ya kulipa, sikiliza uzi wa nne

Nililinunua kwa sababu moja tu: lilikuwa jepesi. Naishi ghorofa ya pili hapa Dallas, jengo halina lifti, na mgongo wangu umeshanionya zaidi ya mara moja. Muuzaji alipolinyanyua kwa mkono mmoja mbele yangu, gitaa la stili la pedali (lile linalosimama kwa miguu minne, unalipiga umekaa na kubadilisha sauti za nyuzi kwa pedali), shingo mbili, nyuzi kumi kila shingo, sikuuliza kingine. Nilitoa pesa.

Wiki ya pili tukapiga dansini Fort Worth. Kila nilipokanyaga pedali mbili za kwanza, mpiga fidla alinigeukia. Hakusema neno, alinitazama tu. Nikabadilisha nyuzi. Wiki iliyofuata nikazibadilisha tena. Mwishowe nikalisimamisha gitaa kwenye vigae vya jikoni, nikachomeka tyuna, kifaa cha kupima sauti ya uzi, na kupiga uzi wa nne peke yake, noti ya E. Mshale ukatulia katikati. Nikakanyaga pedali A na B pamoja. Pedali hizo haziugusi uzi wa nne kabisa. Kazi ya pedali hizo ni kupandisha uzi wa 5 na wa 10 kutoka B hadi C#, na wa 3 na wa 6 kutoka G# hadi A. Mshale ukateremka senti 14 (senti hapa si pesa, ni sehemu ya mia ya nusu toni). Nikaachia mguu, ukarudi pale pale.

Mimi nauita mshuko wa bodi, yaani wa mwili wa gitaa, na ndio nitakaousemea hapa. Rangi, mapambo na idadi ya leva za magoti utavipima mwenyewe.

Unatokea hivi. Miguu minne ya gitaa iko kwenye pembe. Ukikanyaga pedali, fimbo yake inavuta chini kutokea katikati ya bodi, hivyo bodi inapinda kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni. Nyuzi ambazo hukukusudia kuzibadilisha zinalegea na sauti yake inashuka. Kila gitaa la aina hii linashuka kidogo. Emmons, jina kubwa kuliko yote katika ala hii, walipotoa LeGrande III waliweka kifaa maalumu cha kupambana nao. Sasa fikiria fundi anayepunguza uzito kwa kuchonga mbao ziwe nyembamba bila kuziimarisha penye mvuto. Kilo unazookoa ngazini unazilipa kila unapokanyaga.

Kwa hiyo nenda na tyuna yako. Kaza miguu yote na lisimamishe kwenye sakafu ngumu, si kwenye zulia. Piga uzi wa nne, kanyaga A na B, tazama mshale. Ukishuka senti 3 au 4, nunua. Mpaka 5 navumilia. Ukifika 10, shukuru, ondoka. Hiyo ni shingo ya E9, iliyopewa jina la upangaji wa nyuzi zake. Kisha rudia kwenye shingo ya pili, ya C6, kwa pedali zake, maana wengi hujaribu E9 tu wakasahau kwamba nusu ya pesa yao iko kwenye shingo ya pili.

Katika ninayoyapendekeza, la kwanza kwangu ni GFI Ultra isiyo na vichwa vya kukazia nyuzi, na sifichi kwamba ndilo ninalolipenda. Gene Fields alifanya kazi kwenye kampuni ya magitaa ya Fender kabla ya kuanzisha GFI, na utundu wake unaonekana ukilipindua gitaa na kutazama tumbo lake: vyuma vimepangwa vizuri, hakuna cha kujazia nafasi. Kwa kuwa halina vichwa virefu upande wa kushoto, gitaa ni fupi, na sanduku lake ni fupi pia. Hapo ndipo mgongo unapona, kwa sababu anayepanda ngazi habebi gitaa, anabeba sanduku lenye gitaa. Nililokalia mimi lilishuka senti 3. Mpiga fidla hanigeukii tena.

La pili ni MSA Millennium, ambalo bodi yake ni ya nyuzinyuzi za kaboni badala ya mbao za mepo (maple). Kaboni ni nyepesi na ni ngumu kupinda, yaani inajibu shida yenyewe. Kuna wapigaji wasioipenda sauti yake, wanasema haina joto la mbao. Mimi naisikia safi, hasa kwenye C6 tunapopiga swingi ya Texas. Hili tafuta kwa mtu aliyelitumia.

La tatu ni Mullen G2, la Colorado. Limetengenezwa kwa uangalifu mkubwa na pedali zake ni laini mno. Halimo katika yale mepesi zaidi, ila nani atalilalamikia?

Magitaa ya Carter ya Texas hayatengenezwi tena, lakini yapo mikononi mwa watu. Jaribu kila moja kivyake. Magitaa ya bei rahisi karibu yote ni ya shingo moja, kwa hiyo hayana nafasi hapa. Na ukipewa MSA la miaka ya 1970 kwa bei ya kirafiki, kumbuka kwamba magitaa ya shingo mbili ya enzi zile, ndani ya sanduku, yanapita kilo 30.

Wauzaji nao wananiudhi. Tangazo linaandikwa «jepesi» bila kilo. Ukiuliza kilo, unatajiwa uzito wa gitaa bila miguu, bila pedali, bila sanduku, kana kwamba utalipeleka dansini limefungwa kwenye kanga. Ukiomba kukanyaga pedali kabla ya kulipa, unaambiwa limeshafungwa tayari kwa safari. Hizi ni ala za maelfu ya dola! Aliyeniuzia lile la kwanza nilimpigia simu kumweleza habari ya senti 14, akanijibu kwamba masikio ya wanadansi hayafiki huko. Nikamwomba anirudishie nusu ya pesa. Akakataa. Nililiuza kwa hasara, na niliyemuuzia nilimkalisha kwanza jikoni kwangu, tyuna mbele yake, nikamwambia akanyage.